Somo la Bustani: Kuhesabu Siku Kabla ya Masika

Mvua ya kwanza ikinyesha mwezi wa Machi, karibu kila nyumba hapa kwetu mkoani Tanga hutoa jembe. Kwa shamba la mahindi si vibaya. Kwa bustani ya mboga, aliyengoja siku hiyo amekwisha chelewa, naye atalijua hilo mwezi wa Julai, biringanya zake zinapotaka kuzaa na ardhi imekauka.

Somo letu basi ni la hesabu, na hesabu yenyewe ni ya kurudi nyuma. Chukua karatasi uandike siku ambayo masika hushika hapo ulipo. Nasema hushika, wala sisemi huanza, kwa sababu manyunyu ya mwanzo hudanganya. Hulowesha vumbi siku mbili tatu, kisha jua hurudi wiki nzima na kuchoma kila mche uliotolewa kitaluni kwa pupa. Sehemu nyingi za mkoa wetu mvua hushika kati ya katikati ya Machi na mapema Aprili. Tuseme ni tarehe 1 Aprili. Sukuma wiki, kabichi, biringanya na nyanya chungu, ambazo wengine huziita ngogwe, hukaa kitaluni wiki nne hadi sita. Ondoa wiki sita katika 1 Aprili, unapata tarehe 18 Februari. Hiyo ndiyo siku ya kuatika mbegu, jua likiwa kali na majirani wakikushangaa. Anayeatika tarehe 1 Aprili atahamisha miche katikati ya Mei, mvua inapokaribia kuaga.

Endelea kurudi nyuma. Mboji huhitaji kama miezi mitatu kuiva, ikigeuzwa mara kwa mara na kunyunyiziwa maji, kwa hiyo lundo la kutumia Machi lilipasa kuanza Desemba. Asiye na mboji atumie samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, lakini iwe imeoza hasa: imegeuka nyeusi, haina harufu kali, na ukitia mkono katikati ya lundo husikii joto. Samadi mbichi huunguza mizizi, na ile ya ng'ombe huleta mbegu za magugu aliyokula porini. Debe moja kwa kila mita moja ya mraba latosha, likichanganywa na udongo wiki mbili hivi kabla ya kupanda.

Sasa tuje kitaluni, maana hapo ndipo bustani nyingi hufia. Chagua mahali penye jua la asubuhi, karibu na maji, na ambapo msimu uliopita hapakuwa na nyanya wala biringanya. Tengeneza tuta la upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, na uliinue sentimeta 15. Vunja mabonge hadi udongo uwe laini. Chora mistari yenye kina cha sentimeta moja, mmoja na mwingine viachane sentimeta 15, kisha dondosha mbegu moja moja. Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, wanachuo walicheka sana nilipowapa rula waende nazo bustanini. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, kazi za shamba zilikuwa sehemu ya masomo, nami sikuona kwa nini vipimo vibaki darasani. Mbegu zikisongamana, miche hurefuka kama nyuzi na kuanguka.

Kuanguka huko kuna jina: kinyausi. Utaona miche iliyokuwa mizima jana imelala leo, shina limenyongwa na kuwa jembamba pale lilipogusa udongo. Watu husema ni jua, wakaongeza maji. Kumbe ni ukungu wa udongoni, na maji mengi ndiyo chakula chake. Dawa yake ni kupanda kwa nafasi, kumwagilia asubuhi ili udongo wa juu ukauke kabla ya usiku, na kuacha upepo upite. Funika tuta kwa nyasi kavu mpaka mbegu zichipue, halafu ziondoe siku hiyo hiyo, uweke kivuli cha makuti juu ya vijiti, kimo cha mita moja. Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza maji na uondoe makuti kidogo kidogo, miche izoee jua.

Mchicha hauna makuu. Changanya mbegu na mchanga mkavu, kwani ni ndogo mno kushikika, unyunyize katika mistari, ufunike kidogo tu. Baada ya wiki tatu au nne unavuna. Ukiwa na matuta manne, ukapanda moja kila wiki, tuta la kwanza litakuwa tayari ulipomaliza la nne, na nyumba haikosi mboga. Matembele ni rahisi zaidi: kata marando ya sentimeta 30, zika theluthi mbili yake, basi.

Nyanya ndiyo inayoharibu hesabu yetu. Majani yake yakikaa na maji siku nyingi hushikwa na bakajani, na bustani nzima yaweza kuwa nyeusi kwa wiki moja. Hii ni sababu mojawapo ya nyanya kupanda bei wakati wa masika. Kwangu mimi, nyanya za nyumbani ziatikwe katikati ya Aprili na kuhamishwa mwisho wa Mei, zikue wakati wa ubaridi kwa maji ya ndoo. Tena zisifuate nyanya chungu, biringanya, pilipili wala viazi mviringo katika tuta lile lile, kwa kuwa hao wote ni ukoo mmoja na maradhi yao ni mamoja. Zifuate kunde au maharage, ambayo huacha rutuba ardhini.

Labda mtu atauliza kwa nini tujisumbue, na mboga zipo sokoni. Nyumba inayonunua mafungu mawili ya mchicha kila siku hununua mafungu 60 kwa mwezi. Zidisha mwenyewe kwa bei ya sokoni kwako, ulinganishe na pensheni au na mshahara wa kibarua. Nyumba ambayo haiwezi kununua hula ugali na chumvi, na wanaoumia kwanza ni watoto. Majani ya kijani kibichi yana kitu ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, na mtoto anayeikosa huanza kwa kutoona vizuri giza likiingia. Asipotibiwa aweza kupofuka kabisa. Kupika mboga kwa tui la nazi au karanga si anasa, kwa sababu mafuta ndiyo yanayousaidia mwili kuipokea.

Mvua ikishika, hamisha miche jioni au siku ya mawingu, ikiwa na majani manne au matano. Mwagilia kitalu kwanza, ung'oe mche pamoja na udongo wake. Kabichi na sukuma wiki zipewe sentimeta 45 kati ya mche na mche, na 60 kati ya mistari. Biringanya 60 kwa 90. Matuta yawe yameinuliwa na mifereji wazi, tandaza nyasi kavu lakini zisiguse shina. Asubuhi ukikuta mche umekatwa kama kwa wembe usawa wa ardhi, usimlaumu kuku. Ni sota. Fukua udongo kwa kidole kuzunguka mche uliokatwa, utamkuta amejikunja, rangi ya udongo wenyewe. Muue, kisha pandikiza mwingine pale pale, na ndiyo sababu nasema kila mara bakiza miche kumi kitaluni. Habari za vidukari na za kupalilia zitafuata katika somo lijalo.