Kifua Kikibana, Usisingizie Gesi

Mshtuko wa moyo hutokea damu inapoganda na kuziba mshipa unaolisha moyo. Nyama ya moyo huanza kufa baada ya muda mfupi, kwa hiyo muda ndiyo dawa ya kwanza.

1. Pima presha hata kama u mzima wa afya. Ikisoma 140/90 au zaidi kila mara, muone daktari. Ukipewa vidonge usiache kwa madai kwamba umepona. Presha imeshuka kwa sababu unavimeza. Pima na sukari.

2. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyokwishaingia kwenye chipsi, kachumbari na mchuzi. Kichupa kiondoke mezani.

3. Acha sigara. Na shisha pia, ndiyo.

4. Tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki.

5. Jua dalili. Kifua hubana au kulemewa kama kimetwishwa gunia, maumivu yakaelekea mkononi, mgongoni au kwenye taya. Jasho jembamba humtoka mgonjwa, pumzi hukatika, kichefuchefu huja. Wanawake, wazee na wenye kisukari huenda wasiumwe kifua kabisa, ila uchovu wa ghafla na kukosa pumzi. Hapa ndipo wengi huponzwa: anasema ni gesi, anatafuna magnesiamu, anaambiwa ajilaze mpaka asubuhi. Nenda hospitali; ikiwa ni gesi kweli, hasara yako ni nauli.

6. Mkalishe mgonjwa, mlegezee nguo, asitembee wala asiendeshe gari. Kama hana mzio wa aspirini wala tatizo la kutokwa damu, atafune miligramu 300. Ita ambulensi; ikichelewa, chukua teksi au bajaji. Bodaboda hapana, akizimia njiani ataanguka.

7. Msimpitishe duka la dawa, nendeni hospitali kubwa na muombe kipimo cha umeme wa moyo. Kwa walio Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo Muhimbili, na mishipa huzibuliwa hapo.

8. Akizimia na hapumui, msimmwagie maji. Mlaze chali sakafuni, weka viganja viwili katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mkichoka pokezaneni, msiache mpaka msaada ufike.

9. Leo hii, kabla hujalala, hifadhi kwenye simu namba ya jirani mwenye gari.