Kuchagua Bunduki na Risasi za Kuwindia Nguruwe Mwitu

Mkulima wa Murongo aamkapo alfajiri na kukuta mihogo imefukuliwa na mahindi yamelazwa chini, fikra ya kwanza impitiayo ni bunduki. Si fikra ya ajabu. Hata hivyo, fedha ya kununulia silaha ni nyingi, na makosa ya ununuzi huu hayarekebishwi kwa kurudisha bidhaa dukani.

Lianze jambo ambalo wanunuzi wengi hulichanganya: leseni ya kumiliki silaha si kibali cha kuwinda. Ya kwanza hutolewa kwa taratibu za Jeshi la Polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Cha pili hutolewa na mamlaka ya wanyamapori, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, ambayo pia inakataza kuwinda kwa sumu, tanzi, mashimo na taa bandia. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyotangazwa mwaka 2019, uwindaji hauruhusiwi kabisa. Kwa hiyo mnunuzi na aende kwanza kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, ajue kama atapata kibali na kwa eneo lipi. Huenda akaambiwa kwamba askari wa wanyamapori ndio watakaokuja, naye akabaki na fedha yake.

Mnyama mwenyewe naye ajulikane. Vitabu vingi vya ng'ambo humzungumzia nguruwe mwitu wa Ulaya, ambaye huku hayupo. Wetu ni wawili: ngiri, atembeaye mchana, na nguruwe mwitu mwenye manyoya marefu, ambaye huja mashambani usiku, akiwa na kundi lake. Dume lililokomaa laweza kuzidi kilo 80, na ngozi ya mabega yake ni nene. Akijeruhiwa bila kufa hujificha kichakani, na amfuatiaye hukutana na pembe zake akiwa karibu mno.

Kwa sababu hiyo risasi ndogo ya .22 haifai, ijapokuwa ni rahisi kwa bei. Humjeruhi mnyama na kumwacha aende kufia mbali. Bunduki ya marisawa ya kipimo cha 12, ambayo wengi huiita shotigani, inatosha kwa masafa mafupi ikiwa imepakiwa risasi ipasayo. Marisawa madogo ya kanga na kwale hayafai hata kidogo. Marisawa makubwa yanafaa hadi hatua kama 30, kwa kuwa baada ya hapo hutawanyika. Risasi moja nzima ya bunduki hiyo hufaa hadi mita 50 hivi. Raifoli ya .308 au .30-06, yenye risasi ya gramu 10 hadi 12 na ncha laini inayopanuka mwilini, hufanya kazi kwa uhakika zaidi na kwa mbali zaidi. Risasi iliyofunikwa chuma yote hupenya mnyama ikatokea upande wa pili, ikaendelea na safari yake.

Safari hiyo ndiyo inayotutia hofu. Risasi ya raifoli yaweza kuruka kilomita kadhaa, na mgomba, ambao shina lake ni maji na nyuzi tu, hauizuii. Katika vijiji vyetu nyuma ya migomba pana nyumba ya jirani. Basi anayekusudia kupiga shambani achague bunduki ya marisawa, na afyatue pale tu penye kilima au kingo ya udongo nyuma ya mnyama. Usiku haoni kilichopo nyuma, na tochi haimsaidii kukiona.

Dukani, soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu na uyalinganishe na yaliyo kwenye kasha la risasi. Risasi ya kipimo cha 20 huingia katika mtutu wa 12, ikateleza na kukwama mbele. Mwenye bunduki hudhani haikupakiwa, akaweka nyingine ya 12 nyuma yake, na mtutu ukapasuka usoni pake. Vivyo hivyo, risasi ya milimita 76 isiwekwe katika bunduki iliyotengenezewa ya milimita 70, hata kama inaingia. Dai stakabadhi yenye namba ya silaha, uilinganishe na namba iliyo kwenye chuma mbele ya muuzaji.

Gobore lililofuliwa kienyeji kwa bomba la chuma halina kipimo wala aliyelijaribu, na kulimiliki bila leseni ni kosa. Halikadhalika silaha inayovushwa Mto Kagera kutoka Kikagati, hata iwe mpya. Tanzania na Uganda zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, na silaha isiyo na alama wala hati humpeleka mnunuzi mahakamani hata kama alimlipa muuzaji kwa nia njema.

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa kwenye bei. Nguruwe mwitu na ngiri huweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuonyesha dalili. Haimdhuru binadamu, lakini huua karibu nguruwe wote wa kufugwa bandani. Matumbo, damu na maji ya kuoshea nyama yafukiwe kwa kina, viatu na visu visafishwe kabla ya kukaribia banda, na nyama ipikwe hadi iive kabisa.