Habari za Adui na Vita vya Tanga

Aingiaye Silanga, huko Kibera mjini Nairobi, huona mabati na vichochoro, wala haimpitii moyoni kuwa Kibera ilianza kuwa makao ya askari wa Kinubi wa jeshi la K.A.R., ambalo watu waliliita Keya. Hao tumewakumbuka katika somo letu la leo, kwani twataka kueleza jinsi jemadari ahitajivyo habari kabla ya kuhitaji bunduki.

Twajua kwamba kabla ya Badr Mtume (S.A.W.) aliwauliza wachota maji wa Makureshi idadi ya jeshi lao, nao hawakuijua. Akawauliza wachinja ngamia wangapi kwa siku. Wakasema siku moja tisa, siku nyingine kumi. Basi akakadiria kuwa watu ni baina ya 900 na 1,000. Hiyo ndiyo kazi yenyewe: kuuliza lile ambalo mtu alijua, kisha kulipima.

Sasa tazameni Tanga. Mwezi wa Novemba 1914 Jemadari Aitken alifika kutoka Bara Hindi na watu wapatao 8,000. Tarehe 2 manowari iitwayo Fox ilitangulia bandarini, na nahodha wake akamwarifu mkuu wa wilaya wa Kijerumani kuwa mapatano ya kutopigana yamekwisha, tena (ajabu iliyoje!) akamwuliza kama bandari imetegwa mabomu. Adui akaamka. Von Lettow-Vorbeck akaleta askari kwa gari la moshi kutoka Moshi, na usiku akaingia mjini mwenyewe kwa baiskeli, akaona kwa macho yake palivyo.

Aitken hakutuma mtu kutazama. Alimdharau askari mweusi, asidhani kuwa atasimama mbele yake. Keya walioijua nchi walipotolewa kumsaidia, akakataa. Basi habari haikukosekana kabisa; aliyekosekana ni wa kuipokea. Tarehe 4 watu wake walishambulia wakarudishwa nyuma na askari wapatao 1,000 tu. Waliouawa na kujeruhiwa walizidi 800, nao wengi wao walikuwa Wahindi waliotoka karibuni katika safari ndefu ya bahari. Kesho yake wakapanda merikebuni, wakaacha pwani bombomu 16.

Aitken alishushwa cheo. Na Keya aliowakataa, waliokuwa vikosi 3 vita vilipoanza, walifika vikosi 22 vilipokwisha mwaka 1918.