Kununua Ubao wa Sataranji: Niliyojifunza kwa Hasara

Mwaka jana sisi wachezaji wa sataranji tulichanga pesa za kununua ubao, nami nikatumwa mjini kuuleta. Nilichagua ule wa bei ya chini kabisa, wa karatasi ngumu yenye plastiki juu, tena nikajisifu kwa chenji niliyorudisha. Shule yetu ni ya kutwa na hatuna kabati lenye kufuli, kwa hivyo kila jioni ubao ulienda nami nyumbani. Niliukunja mara nne nikaushindilia mkobani chini ya atlasi. Kabla muhula haujaisha ulikuwa na makunyanzi kama paji la uso la mzee.

Siku ya mashindano kila shule iliambiwa ije na vifaa vyake. Farasi wangu alisimama juu ya kunyanzi, akayumba, akaanguka pamoja na ngome. Kumbe sheria ni kwamba aliyeangusha kete ndiye azirudishe mahali pake, na saa inayokimbia ni yake! Nilizirudisha mara tatu. Muda wangu uliisha nikiwa mbele kwa ngome nzima. Wenzangu hawakunilaumu, lakini pesa zilikuwa zao.

Sasa tunachanga tena, na safari hii nitaenda na rula. Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, linataka kila mraba uwe na upande wa sentimita 5 hadi 6, na mfalme awe na kimo cha sentimita 9.5 hivi. Ukikosa rula, weka askari wanne katika mraba mmoja. Wakienea bila kubanana wala kuacha nafasi kubwa, ubao na kete vinafaana.

Ubao wa kuviringisha kama mkeka ndio unaotufaa sisi wa kupanda matatu. Wa plastiki nzito hupanguswa kwa kitambaa chenye maji na hudumu miaka, mradi usiukunje hata siku moja. Uviringishe michoro ikiwa upande wa nje. Wengi hufanya kinyume, halafu pembe zinainuka mezani na watu wanazikandamiza kwa vitabu. Wa silikoni hauogopi kukunjwa, ila hunasa vumbi, na vumbi la uwanja wetu mnalijua. Ule wenye mpira chini hulala mezani vizuri kuliko yote, lakini ni mzito na bei yake ni kali.

Usinunue unaong'aa, kwani jua la dirishani litakupiga machoni. Kijani na rangi ya maziwa hazichoshi. Herufi a hadi h na namba 1 hadi 8 ziwepo pembeni, maana mashindanoni tunaandika kila hatua. Tena angalia mraba wa a1: ukiwa mweupe, urudishe dukani, umechapwa vibaya.

Ubao wenye miraba ya sentimita 5.7, pamoja na pambizo, hufika kama sentimita 51, kwa hivyo utachungulia nje ya mkoba wangu. Mama ameahidi kunishonea mfuko kwa leso kuukuu. Kilichobaki ni mchango wa Kidato cha Pili. Jamani, tunawangoja.