Soda Kostiki ya Sabuni: Tulinde Watoto Wetu

Mama mpenzi, mawese yanapopanda mlimani kutoka Fizi na Baraka, wengi kati yetu tunapika sabuni nyumbani. Kazi hiyo ni nzuri, inasafisha nguo na inaleta pesa kidogo. Lakini ndani yake mna kitu kikali, soda kostiki. Leo tujifunze juu ya kitu hicho, maana kinaweza kumwumiza mtoto kwa dakika moja, na maumivu yake yakadumu miaka.

SODA KOSTIKI NI NINI?

Ni vipande au punje nyeupe. Kwa macho ya mtoto, inafanana na sukari au chumvi. Ikitiwa katika maji, inaonekana kama maji tu. Haina harufu ya kumwonya mtu.

Si ile soda ya kunywa, wala si bikarbonati ya mandazi. Jina ni karibu moja, lakini kazi ni mbali kabisa. Basi usimtume mtoto dukani akalete «soda» ya sabuni.

Labda umesikia kwamba kule Ujerumani waokaji huchovya mikate fulani ya kukunja, iitwayo Brezel, katika maji ya soda hii. Ni kweli. Lakini wanapima kwa mizani, maji yao ni mepesi, na moto wa tanuri unaondoa ukali. Wewe usiijaribu katika chakula chako.

INAUNGUZAJE?

Wewe mwenyewe umeona: soda ikikutana na mawese, mafuta yanageuka sabuni. Mwili wetu nao una mafuta. Soda ikigusa ngozi, ulimi au jicho, inayeyusha nyama na kuzidi kuingia ndani. Ndiyo maana ngozi inateleza kama sabuni. Usifikiri ni salama. Ni nyama inayoyeyuka.

Mtoto akimeza, umio, yaani njia ya chakula, unaungua. Baada ya wiki chache kovu linaweza kuuziba. Mtoto aliyekula ugali anashindwa hata na uji, anakonda, na anaweza kufa kwa njaa chakula kikiwapo.

Maji makali ya majivu nayo ni ya jamii hii. Hayo pia yawekwe mbali na watoto.

UKIPIKA SABUNI

1. Fanya kazi nje, penye upepo. Watoto wawe mbali, na mtu mzima awaangalie. Usimbebe mtoto mgongoni.

2. Vaa glavu, viatu na nguo ya mikono mirefu. Linda macho.

3. Tia soda katika maji baridi, kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya soda, kwa maana itachemka na kukurukia usoni.

4. Usitumie sufuria wala kijiko cha alumini. Soda inakula alumini na kutoa hewa inayoweza kushika moto. Tumia ndoo nene ya plastiki na koroga kwa mti.

5. Weka maji safi mengi karibu kabla ya kuanza.

6. Usiitie soda katika chupa ya Fanta, kikombe, wala bidoni ya maziwa. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Anaona chupa, anakunywa. Iache katika chombo chake, kifunikwe sana, na ifungiwe kwa ufunguo. Chombo kikiisha, kisiwekwe tena maji, maziwa wala mawese.

IKIMPATA MTU

Kwenye ngozi: vua nguo haraka, pangusa punje kavu, kisha mwagia maji mengi kwa dakika 30. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

Kwenye jicho: fungua kope, mwagia maji safi kwa dakika 30 au zaidi, yakitoka upande wa pua kwenda nje. Halafu mpeleke kwa munganga siku ileile.

Akimeza: msafishe kinywa kwa maji, ateme. USIMTAPISHE. Ile iliyounguza ikishuka itaunguza tena ikipanda. Usimpe ndimu, siki, wala mawese. Usimlazimishe kunywa. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama ni kwa tipoyi, na uchukue chombo cha soda ukionyeshe.

Mama mwingine atasema: «Kinywa chake kiko muzuri, tungoje kesho.» Hapana! Kinywa kinaweza kuwa kizima na umio umeungua. Mate yakimtoka, akikataa kumeza, sauti ikikwaruza, au akipumua kwa shida, hatari ni kubwa. Na hata akipona, ukiona baadaye anasongwa na chakula, mrudishe hospitali. Munganga anaweza kuupanua umio, na mapema ni bora.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

1. Kwa nini mtoto anaweza kudanganyika na soda kostiki?
2. Kinachotangulia ndani ya ndoo ni maji au soda?
3. Kwa nini tusimtapishe aliyemeza?
4. Nyumbani kwako soda iko wapi sasa hivi? Mtoto anaweza kuifikia?

Swali la nne ulijibu leo ukifika nyumbani, kabla ya kuwasha moto wa jioni. Na jirani yako anayepika sabuni, umfundishe naye.