Umeme wa Nyumbani Wakati wa Mvua

Mvua zinapoanza tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara na vichomi vya watoto. Safari hii tujifunze juu ya hatari nyingine inayokuja na mvua hizo hizo, nayo ni umeme unaovuja ndani ya nyumba. Jua likiwaka nyumba haina tatizo. Mvua ikinyesha siku mbili, swichi kubwa inaanguka yenyewe, bomba la maji linatekenya mkono, taa ya barazani inawaka na kuzimika. Mvua ikikatika, kila kitu kinarudi sawa, na watu wanasema imepona. Haikupona. Imekauka tu.

Waya wa umeme umevikwa plastiki ili umeme usitoke njiani. Plastiki ikipasuka, ikitafunwa na panya, au kiungo kikifungwa kwa utepe uliolegea, hewa kavu ya kiangazi huzuia umeme kutoka. Maji ya mvua yakiingia hapo na kuchanganyika na vumbi, kutu, au chumvi kwa wale wa pwani, umeme hupata njia ya kwenda ukutani, kwenye bati au ardhini. Na mwili wa mtu ni njia pia. Ngozi kavu huzuia umeme kwa kiasi kikubwa, lakini ngozi iliyolowa, na miguu peku juu ya sakafu ya saruji yenye maji, haizuii sana.

Umeme wa nyumbani kwetu Tanzania ni wa volti 230. Miliampea 10 hadi 20 zikipita mkononi, misuli hukakamaa na mtu hawezi kuachia alichoshika. Zikizidi 50 na kupita kifuani kwa sekunde moja au zaidi, moyo waweza kuacha kupiga ukabaki unatetemeka tu. Sasa tazama breka ya ampea 20, ambayo ni sawa na miliampea 20,000. Breka hiyo hulinda waya usiungue. Mtu anaweza kufa nayo ikiwa imesimama pale pale. Kinachomlinda mtu ni ile swichi yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T, ambayo hukata umeme unapovuja kiasi cha miliampea 30. Bonyeza kitufe hicho mara kwa mara. Swichi isipoanguka, haikulindi. Nyumba nyingi za zamani hazina swichi hiyo kabisa, na hizo ndizo zenye hatari zaidi, kwa kuwa hazitoi hata onyo.

Uliza kwanza: lini?

Sisi wauguzi tunapompokea mgonjwa wa homa humwuliza ilianza lini na inapanda saa ngapi. Umeme nao uuguzwe hivyo. Chukua daftari, andika siku, saa, na hali ya hewa kila swichi inapoanguka. Ikianguka dakika chache baada ya mvua kuanza, chanzo mara nyingi kiko nje: taa ya barazani, soketi ya nje, waya unaopita juu ya bati, au tundu unapoingilia nyumbani. Ikianguka baada ya saa nyingi au kesho yake, maji yanapenya polepole darini au ukutani. Tazama alama za maji juu ya swichi, chokaa inayobanduka, soketi yenye joto au harufu ya kuungua. Ikianguka alfajiri bila mvua, fikiria umande na mvuke wa jikoni au bafuni. Na ikianguka pale tu unapowasha chombo kimoja, mkosaji ni chombo hicho. Majiko ya koili na hita za maji zilizokaa muda mrefu bila kutumika hufyonza unyevu, hata kama kwa macho ni vizima.

Kisha tenganisha. Vaa viatu vikavu vya mpira, mikono iwe mikavu, na usimame mahali pakavu. (Kama kisanduku cha swichi chenyewe kimelowa, usikiguse, piga simu shirika la umeme.) Shusha swichi kubwa na breka zote, chomoa kila kitu kwenye soketi. Pandisha swichi kubwa peke yake. Ikianguka hapo hapo, acha, hiyo ni kazi ya fundi. Ikisimama, pandisha breka moja moja. Ile itakayoiangusha ndiyo yenye ugonjwa: iache chini, endelea na nyingine. Zote zikisimama, chomeka vyombo kimoja kimoja. Kwa njia hii utajua ni chumba gani au chombo gani bila kufungua hata skrubu moja.

Wenye mita ya LUKU wana kipimo kingine. Zima na chomoa kila kitu huku swichi kubwa ikiwa juu, kisha tazama kile kitaa kinachopepesa. Kikiendelea kupepesa, kuna umeme unaokwenda mahali, nawe unaulipia.

Kamba ya nguo

Kamba nyingi za kuanikia ni waya mtupu uliofungwa kwenye msumari wa paa au nondo ya dirisha. Waya wa umeme ukichunika darini na kugusa bati, bati zima hupata umeme, na kamba nayo. Mama anakuja asubuhi baada ya mvua, peku, na nguo mbichi mikononi. Hapa hospitalini tumewapokea akina mama wa namna hiyo, na si wote walifika wakiwa hai. Zima umeme kwanza, fungua waya huo, funga kamba ya katani au nailoni kwenye miti miwili mbali na nyumba.

Fundi mwite kungali na unyevu, wala usingoje jua, maana akija pakiwa pamekauka hataona kitu. Awe na leseni ya EWURA, na aje na kipimo kinachoitwa mega, ambacho hupeleka volti 500 kwenye waya zilizozimwa. Kisisome chini ya megaomu 1. Akague pia waya wa ardhini na nondo yake. Mwenye bisibisi ya testa na utepe tu hajamaliza kazi.

Mtu akinaswa

Usimshike. Shusha swichi kubwa. Ikishindikana, simama juu ya ubao mkavu umsukume kwa mti mkavu. Hii ni kwa umeme wa ndani tu. Waya wa nguzo ukianguka, kaa mbali na uwazuie wengine. Asipopumua, mlaze chali, ukandamize katikati ya kifua kwa nguvu, sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Penye kuungua pamwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala mafuta. Kidonda kidogo juu ya ngozi chaweza kuficha misuli iliyoungua ndani, kwa hiyo aliyenaswa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama anatembea na kuongea. Mama mjamzito asicheleweshwe kabisa. Na mkojo ukitoka rangi ya chai ya rangi, mwambie muuguzi mara tu mnapofika, kwa sababu figo ziko hatarini.