Unataka Urefa? Anza na Miguu

Mwamuzi wa tenisi ana raha yake: anapanda kiti kirefu, anakaa, anataja hesabu. Refa wa mpira wa miguu hana kiti. Vijana wa Tanga wanaotaka kushika kipenga huuliza kwanza habari za kadi, lakini kazi yenyewe iko miguuni. Refa aliyekuwa hatua tano kutoka kwenye tukio anaweza kukosea na watu wakanyamaza. Aliyekuwa nusu nyingine ya uwanja, hata akipatia, atasikia tu: “Mgosi, umeonaje toka huko?”

1. Tafuta watu kabla ya jezi. Uwe Muheza, Pangani, Mkinga au mjini, ulizia waamuzi wa wilaya yako na chama chao, FRAT. Kuna kozi, mtihani wa sheria na kipimo cha mbio, kisha unapanda kwa madaraja: la tatu, la pili, la kwanza. Beji ya FIFA ni ya baadaye sana. Refa wa kati haipati kabla ya miaka 25, na msaidizi kabla ya 23, kwa hiyo mwenye miaka 18 asiwe na pupa. Dada zetu wasijiweke kando: Jonesia Rukyaa ameshachezesha Simba na Yanga, na jirani yetu Salima Mukansanga wa Rwanda alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati kwenye fainali za AFCON, Januari 2022.

2. Kimbia saa kumi jioni. Wengi hujifua alfajiri, kwenye ubaridi, halafu wanashangaa mechi ya saa kumi inapowamaliza. Joto la Tanga wakati wa kaskazi halina mzaha, na unyevu wa bahari unafanya jasho lisikauke. Mwili uzoee saa ileile utakayofanya kazi, na maji uanze kunywa tangu asubuhi.

Kipimo cha FIFA kwa waamuzi wa kiume wa kimataifa kinakupa picha ya unakokwenda. Kwanza mbio sita za mita 40, kila moja isizidi sekunde 6. Baada ya hapo unakimbia mita 75 kwa sekunde 15, unatembea mita 25 kwa sekunde 18, na kurudia mara 40. Hiyo ni mizunguko kumi ya uwanja wa riadha, dakika 22 za kupumua kwa hesabu. Anza na mizunguko minne, uongeze taratibu. Ufukweni maji yakipwa kuna mchanga mgumu mzuri wa kujenga misuli, lakini usiufanye ndio uwanja wako wa kila siku. Saa ya mtahini haijui habari za mchanga, kwa hiyo kasi itafute kwenye nyasi.

3. Sheria ni 17, na ya 11 ndiyo itakayokutoa jasho. Usiikariri kama shairi. Chukua vizibo vya soda, vipange mezani, uanze kujiuliza: huyu ameotea? Na mpira ukirushwa? Kona je? Goli kiki? (Hizo tatu hazina kuotea, na bado mtaani utabishiwa hadi magharibi.) Kila mwaka pia tafuta mabadiliko mapya, kwa sababu IFAB, watunga sheria za mpira, hawalali. Tangu 2025 kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Zamani zilikuwa sekunde sita na adhabu ilikuwa faulo isiyo ya moja kwa moja, ambayo karibu hakuna refa aliyethubutu kuitoa.

4. Nenda Mkwakwani ukamtazame refa. Coastal Union wakicheza na Simba au Yanga, lipa kiingilio chako, ukae juu, na kwa robo saa nzima usiutazame mpira. Mwangalie mtu wa kati: anakata uwanja mshazari, anauweka mpira katikati yake na msaidizi wake, anaanza kukimbia kabla pasi haijapigwa. Mwangalie na mshika kibendera, jinsi anavyokwenda sambamba na mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu inayolinda. Robo saa hiyo ina faida kuliko mabishano yote ya kijiweni.

5. Mchangani ndiyo shule. Kombe la mbuzi, bonanza la mtaa, mechi ya shule: kubali zote. Fika mapema ukague nyavu, maana tundu moja ukilikosa litazaa ubishi wa goli. Mara nyingi msaidizi wako atakuwa shemeji wa kocha wa wenyeji. Mpe kazi moja tu, kuonyesha mpira uliotoka nje. Kuotea amua mwenyewe, na mwambie hivyo mbele ya manahodha wote wawili.

6. Mfukoni. Saa mbili, sarafu, kalamu ya risasi (wino hauelewani na jasho), vipenga viwili. Chagua visivyo na gololi ndani, kwa sababu gololi hukwama pale unapoihitaji. Kadi ya njano iwe kifuani na nyekundu nyuma ya bukta, ili mkono usikosee wakati akili imechemka. Kadi zilianza kutumika Kombe la Dunia la 1970 kule Meksiko, wazo la refa Mwingereza Ken Aston, aliyelipata kwenye taa za barabarani.

7. Jiandae kwa dakika 120. Fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2022 pale Arusha, Yanga na Coastal Union walitoka 3-3 na bingwa akapatikana kwa penalti. Wachezaji hubadilishwa, wewe mara nyingi unamaliza mwenyewe.

8. Nauli yako ni yako. Usipande Coaster ya timu, hata ikiwa inapita mlangoni kwenu, na soda ya kiongozi iache kwenye kreti. Hawatakudai kitu siku hiyo. Watakudai wiki ijayo, dakika ya 88.

9. Ripoti iandike usiku uleule. Dakika, namba ya jezi, kosa, na maneno yaliyotamkwa jinsi yalivyotamkwa, hata kama ni ya kutia aibu. “Alinitolea lugha chafu” haimsaidii mtu yeyote kwenye kamati. Usichokiona usikiandike. Nakala moja baki nayo, kwa sababu rufaa huja wakati wewe umeshasahau hata matokeo.